Kabla ya Kupenda Taa, Pita Gerezani

Wiki tatu zilizopita shemeji yangu, mdogo wake baba watoto wangu, alinitumia picha kumi na nne za gari kwa mpigo. Zote za nje. Mbele, ubavuni, nyuma taa zikiwa zimewashwa usiku, na rimu zilizopigwa kwa karibu mpaka unahesabu nati zake. Hapakuwa na picha hata moja ya injini, wala ya dashibodi yenye kilomita, wala ya uvungu. Chini yake aliandika: "Shem, nipe neno kabla ya Ijumaa. Dalali anasema kuna mtu mwingine yuko tayari kulipia."

Nilimjibu kwamba nitampigia, kwa sababu nilichokuwa nacho moyoni hakikuenea kwenye ujumbe wa simu. Na nikiangalia wenzangu kazini, majirani zangu wa Goba, na ndugu wanaonipigia kuomba ushauri tangu yaliponikuta yaliyonikuta, naona si yeye peke yake. Dar es Salaam tunachagua magari ya juu, yaani SUV, kwa macho, kisha tunayalipia miaka mingi kwa vitu ambavyo macho hayakuviona siku ile yadini.

Sikiliza hata majina tunayoyapa. Harrier ya Toyota iliyotoka 2003 tunaiita tako la nyani, kwa ajili ya ule mgongo wake. Iliyoifuata, ya mwishoni mwa 2013, ni Anaconda. RAV4 ya kizazi cha pili ni Kili Time. Na kabla ya hizo zote palikuwa na shangingi, neno lililokuwa la mwanamke wa mjini anayejipamba na kujionyesha, likahamia kwenye Land Cruiser za wakubwa na halijarudi lilikotoka. Sijapata kusikia gari lililobatizwa kwa sababu ya gia boksi yake. Mtaa unaona umbo, unaipa sura jina, na jina hilo ndilo dalali analolitumia kupanga bei.

Sitambeza mtu anayependa gari zuri. Shemeji yangu ni fundi umeme wa majumba na ameanza kupata kazi kubwakubwa. Anasema akifika saiti ya Masaki kwa pikipiki, bei yake inakatwa kabla hajamaliza kuitaja, lakini rafiki yake anayefanya kazi ileile akishuka kwenye Harrier anaulizwa ataanza lini. Namwamini. Mji huu unamsoma mtu kwa anachoshukia, na mlinzi wa geti la hoteli ndiye msomaji wa kwanza. Mtu anayeishi kwa kupewa kazi na wageni ana haki ya kuuhesabia muonekano thamani ya fedha.

Isitoshe, uzuri una bei hata siku ya kuuza. Nyeupe, nyeusi na silva zinaondoka haraka, wakati gari zima kabisa la rangi ya kahawia linaweza kukaa yadini mpaka vumbi lake lianze kuandikwa vidole na watoto. Chema chajiuza, na madalali wetu wanajua kwamba kwa mnunuzi wa hapa chema kinaanzia kwenye rangi. Kwa hiyo siuondoi uzuri kwenye mizani. Ninachokataa ni mizani yenye kitu kimoja tu juu yake, kwa sababu ndicho pekee muuzaji alichokuonyesha.

Mwaka 2016 nilinunua gari la juu la Ulaya, la mkononi. Jina la kiwanda naliacha, kwa sababu hoja yangu haikihusu kiwanda. Lilikuwa zuri kwa namna inayoumiza. Ukifunga mlango, kelele za Mwenge zote zinabaki nje. Ukiliwasha lilikuwa linajiinua taratibu, maana lilikuwa na mifuko ya hewa pale ambapo magari mengi yana springi. Watoto walikuwa wanasimama kibarazani kila asubuhi kulitazama likinyanyuka. Nililinunua kwa mkopo wa SACCOS ya kazini, miezi thelathini na sita.

Mwezi wa saba wa mkopo huo, katikati ya mvua za Aprili, nikiwa napanda kutoka Makongo jioni, upande wa kulia mbele ulilala. Gari liliinama kama mtu aliyeteguka mguu, bodi ikawa inasugua tairi. Fundi alikuja na pikipiki, akapiga tochi chini, akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema: "Mama, mifuko ya hewa ya gari hili mjini hapa ipo ya mtumba, na siwezi kukudanganya itakaa miezi mingapi. Mpya ni mpaka tuagize Dubai. Na ukibadilisha mmoja, wa pili hauko mbali."

Tuliagiza. Wiki tano gari lilikaa juu ya mawe kwenye gereji, na kila mwisho wa mwezi mshahara ulikuwa unakatwa rejesho la gari nisilolipanda. Nilikuwa naamka saa kumi na nusu kuwahi daladala na watoto wawili. Uchungu wa kulipia kitu kilicholala ni wa aina yake, na wanaoujua wataelewa kwa nini naandika makala haya bila kupepesa. Mwaka uliofuata nililiuza. Dalali alinipa chini ya nusu ya nilichotoa, na aliyenipa bei hiyo alikuwa wa tatu. Wawili wa kwanza walisikia jina la gari wakakata simu.

Miaka yote hii nimejiuliza swali moja. Gari lile halikuwa bovu. Huko lilikotengenezwa kuna watu wanalipanda hadi leo na kulisifu. Kwa nini lilinifia mimi mikononi? Jibu nililolipata ni kwamba uimara wa gari nusu yake iko kiwandani na nusu iko mjini unapoishi. Nusu ya mjini ni spea zilizopo, mafundi waliokwisha kulifungua gari kama hilo mara mia, oili inayopatikana, na barabara ya kufika kwako. Tunaponunua tunaulizia nusu ya kwanza tu: "Toyota hazifi," "Wajerumani ni wa kasi," "Subaru inashika barabara." Nusu ya pili hatuulizi, na ndiyo inayotutoa machozi.

Chukua Harrier tako la nyani yenye injini ya lita 2.4, ile iitwayo 2AZ-FE. Ukisoma historia yake utashangaa. Injini hii inajulikana kwa nyuzi za boliti za silinda hedi kung'oka kwenye bloku, hasa zile za miaka ya mwanzo, gari likaanza kuchemsha bila sababu inayoonekana. Na huko Marekani Toyota iliongeza muda wa dhamana kwa baadhi ya magari ya mwishoni mwa miaka ya 2000 yenye injini hiyo kwa sababu ya kula oili. Kwa karatasi, hili ni gari la kuliogopa. Mbona basi limejaa kuanzia Mbagala hadi Bunju? Kwa sababu mji umejifunza ugonjwa wake. Ukienda gereji yoyote ya maana utamkuta fundi anayejua kutengeneza zile nyuzi upya. Injini ya mtumba unaipata. Shokapu zipo za aina tatu, za kampuni, za kopi na za mtumba, na kila moja ina bei inayojulikana. Udhaifu wa kiwandani umefunikwa na nguvu ya mjini. Gari langu la Ulaya lilikuwa kinyume chake kabisa.

Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichomwambia shemeji kilikuwa rahisi. Kabla hujampa dalali hata shilingi ya kushikilia gari, panda nenda Gerezani, Kariakoo, kwenye maduka ya spea. Usiende kuuliza kama gari hilo ni zuri, kwa sababu utapata maoni kumi. Nenda na orodha fupi: shokapu za mbele, taa ya mbele ya kushoto, kioo cha pembeni, pampu ya maji, na gasketi ya silinda hedi. Ingia maduka matatu yasiyo jirani. Muuzaji akikujibu bei papo hapo bila kuinuka kwenye kiti, hilo ni gari la mji huu. Akitoa simu kumpigia mtu, na wa duka la pili naye akampigia mtu, na ukahisi wote wanampigia mtu yuleyule, tayari umeshajua utakavyoishi na gari hilo. Kazi hiyo inachukua asubuhi moja na nauli ya daladala. Sijui kwa nini mtu anayekwenda kutoa milioni thelathini huiona ni usumbufu.

Gia boksi nayo inataka neno, kwa kuwa ndipo wengi wanapoumia. Magari mengi ya juu ya kizazi kipya yanayotoka Japani yana gia boksi ya CVT, ile isiyobadilisha gia kwa kuruka, bali kwa mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kwenye puli mbili. Anaconda ya lita 2.0 inayo. X-Trail ya Nissan kuanzia ile ya 2007 inayo. Sifa mbaya ya CVT hapa mjini haikutoka hewani: Nissan yenyewe nchini Marekani iliongeza dhamana ya gia boksi hizo kwa magari yake ya miaka ya 2003 hadi 2010, ikafika miaka 10 au maili 120,000. Kampuni haifanyi hivyo kwa ukarimu tu. Lakini nimeona pia CVT zikiuawa na sisi wenyewe. Oili yake ni maalumu, na mtu akimimina ATF, oili ya gia boksi za otomatiki za kawaida, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, ule mkanda unaanza kuteleza. Ongeza foleni ya Mwenge saa kumi na moja jioni ya Februari, jua la nyuzi 32, kiyoyozi kimewashwa na gari linasogea hatua kwa hatua. Joto ndilo adui mkubwa wa gia boksi hiyo. Mtu anayenunua gari la CVT na kuuliza tu lina rimu za ngapi ameacha swali lililo ghali kuliko yote.

Sasa nirudi kwenye urembo, maana urembo nao una matabaka. Upo urembo uliotulia: mstari wa bodi, rangi, umbo la boneti, ngozi ya viti. Huo hauharibiki kwa kutembea. Na upo urembo unaofanya kazi, uliowekwa kwenye kitu kinachozunguka, kinachojikunja, kinachopokea umeme au hewa. Taa za LED zinazowaka kwa mtiririko, paa la kioo linalofunguka, mlango wa nyuma wa umeme, mifuko ya hewa, rimu kubwa. Wa kwanza unaulipia mara moja. Wa pili unaulipia tena na tena, na kila ukiulipia ni bei ya mji, si ya kiwanda.

Rimu ndizo zinazonisumbua zaidi kwa sababu watu wanaziona kama pambo tupu. Anaconda ya daraja la kawaida ilitoka na tairi za 225/65 za inchi 17. Ya juu yake ikatoka na 235/55 za inchi 18. Namba hizo zina maana: 225 ni upana wa tairi kwa milimita, na 65 ni kimo cha ukuta wake kama asilimia ya upana huo. Tairi ya kwanza ina ukuta wa mpira wa milimita 146 kati ya rimu na barabara. Ya pili ina 129. Mtu akiibadilisha akafunga 245/45 za inchi 20, kama ninavyoziona zikipita Kinondoni, ukuta unabaki milimita 110. Ukuta huo wa mpira ndio mto wa kwanza wa gari. Ukiupunguza, kila tuta na kila shimo linakwenda kwenye rimu, kwenye bushi, kwenye boljoint, kwenye shokapu. Barabara kubwa ya Goba ni lami, na wageni wanatusifia. Lakini kutoka lami mpaka getini kwangu ni mita mia tisa za makorongo ambayo kila masika yanachimbwa upya, na sidhani kama mtaa wangu ni wa peke yake. Kimara, Chanika, Mbezi, Kivule, wote wanajua ninachokisema. Gari la juu kazi yake ya kwanza ni mita hizo mia tisa. Limenunuliwa kwa ajili yake. Halafu tunalivua mpira ili lipendeze kwenye kilomita ishirini za lami ambazo hata gari dogo kama IST lingezipita vizuri.

Taa zina habari nyingine. Katika mji huu watu wanachonga namba ya gari kwenye vioo vya pembeni na kwenye taa ili mwizi asizitake. Mwizi ni mkaguzi mzuri wa thamani: anachukua kinachouzika haraka na kinachochomoka haraka. Kama taa ya mbele ya gari unalolipenda ni ya bei ya kutisha, wewe na mwizi mmeona kitu kilekile, na siku ukiamka ukakuta tundu, urembo uliokuvutia ndio deni lako jipya.

Kuhusu kodi nitakaa kidogo, kwa sababu hapa sura inatudanganya kwa namna ambayo hata watu makini hawaioni. Mtu anaagiza kutoka Japani, anaona bei ndogo ya gari kuukuu lenye umbo linalovutia, anashangilia. Lakini TRA, mamlaka ya mapato, haitazami umbo. Inatazama thamani ya gari likifika bandarini pamoja na nauli ya meli na bima, inatazama ukubwa wa injini na umri. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi cc 2,000, na asilimia 10 kwa inayozidi hapo. Gari la kutembelea lililofikisha miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15 za uchakavu, na lililozidi miaka 10 linaongezewa 30. Juu ya vyote hivyo inakuja VAT ya asilimia 18.

Weka hesabu mezani. Gari la kwanza limefika kwa thamani ya shilingi milioni 12, injini ya cc 2,362, umri umezidi miaka 10. Forodha ni milioni 3, jumla inakuwa 15. Asilimia 10 ya hiyo ni milioni 1.5, na uchakavu wa asilimia 30 ni milioni 4.5, tumefika 21. VAT ni milioni 3.78. Gari limekuwa milioni 24.78, na kodi yake imezidi bei ya gari lenyewe. Gari la pili limefika kwa thamani ya milioni 16, injini chini ya cc 2,000, umri haujafika miaka 8. Forodha milioni 4, jumla 20. Asilimia 5 ni milioni 1, tumefika 21. VAT milioni 3.78. Jumla: milioni 24.78.

Ni fedha ileile mpaka senti. Nimeacha tozo ndogondogo na gharama za wakala, na viwango hivi vinaweza kuguswa kila Bunge la bajeti linapokaa, kwa hiyo fungua kikokotoo cha TRA kabla ya kufanya lolote. Lakini ona kilichotokea. Kwa mfuko uleule, mmoja amepata gari la milioni 12 na mwingine la milioni 16. Milioni 4 za tofauti kwa yule wa kwanza zimekwenda kwenye umri na cc, vitu visivyoonekana kwenye picha. Injini za lita mbili kamili au chini kidogo zipo nyingi kwenye magari ya juu ya kawaida: Forester, X-Trail, CX-5, RAV4, hata hiyo Anaconda yenyewe ina cc 1,986. Ndiyo maana siwezi kusema kwa ujumla kwamba gari zuri ni kosa. Kwa mlango huu wa kodi, wakati mwingine lile jipya na la kuvutia zaidi ndilo lenye akili, na tako la nyani tunaloliona la kawaida ndilo la anasa.

Kwa wanaonunua hapa hapa mkononi kuna udanganyifu mwingine wa macho, nao ni herufi kwenye namba ya usajili. "Gari namba E," mtu anatamba, na bei inapanda milioni kadhaa juu ya lile la namba D. Herufi ile inakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, basi. Gari la 2006 lililoingizwa mwaka juzi lina namba mpya na mifupa ya zamani. La 2012 lililoingia mapema na kutunzwa na mtu mmoja lina namba ya zamani na mwili wenye afya. Kwenye kadi ya gari mwaka wa kutengenezwa umeandikwa. Ni mstari mmoja tu wa kusoma.

Mafuta nitayapita upesi. Kutoka kwangu mpaka Posta na kurudi ni karibu kilomita 50, siku 26 za mwezi, sawa na kilomita 1,300. Gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita litakunywa lita 162. Linalokwenda 11 litakunywa 118. EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, hutangaza bei mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, lakini ukichukua shilingi 3,000 kwa lita kwa urahisi wa kuhesabu, tofauti ni zaidi ya laki moja na thelathini kwa mwezi, zaidi ya milioni moja na nusu kwa mwaka. Ni ada ya mtoto. Wengine wanakimbilia kufunga gesi, nami siwapingi, ila wakumbuke kwamba mtungi unakula buti, na saa za kusubiri kwenye kituo cha kujazia nazo ni mali.

Kuna swali ambalo ningependa kila mnunuzi alibebe anapoona gari la kifahari la Ulaya kwenye mnada wa Japani kwa bei sawa na ya Toyota ya kawaida: kwa nini Mjapani analiuza kwa bei hiyo? Huko kwao gari linakaguliwa kwa lazima, mara ya kwanza baada ya miaka 3 tangu likiwa jipya, kisha kila miaka 2, na matengenezo ya kupita ukaguzi ni ya fedha nyingi. Mwenye gari amekaa na kalamu, amejumlisha spea na mafundi, akaona bora aliuze. Yuko karibu na wauzaji wa spea kuliko sisi, ana kipato kikubwa kuliko chetu, na bado hesabu imemkataa. Bei ile ndogo imebeba taarifa ndani yake. Sisi tunaisoma kama bahati.

Na likishafika, au ukilikuta yadini, nenda na fundi wako mwenyewe, umlipe wewe. Fundi anayeletwa na dalali anakula na dalali. Mwambie aanzie mahali ambapo muuzaji hajapafuta: uvungu, bushi, kifuniko cha oili, maji ya rejeta. Rejeta yenye maji ya bomba na kutu ya rangi ya chai inakusimulia tabia ya mwenye gari kuliko maneno yake. Boneti iliyopigwa rangi mpya kwenye gari ambalo "halijawahi kuguswa" inataka maelezo. Kilomita zinarudishwa nyuma, kila mtu anajua, lakini cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani kina kumbukumbu ya kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi, kwa hiyo omba ukione. Liwashe likiwa la baridi. Ukifika ukakuta injini tayari ya moto, muulize muuzaji alikuwa anaficha mlio gani.

Haya yote nilimwambia shemeji kwenye simu, karibu saa nzima. Alisikiliza kwa adabu, kama anavyonisikiliza siku zote, na mwisho akasema, "Lakini shem, umeziona zile taa?" Nikamwambia nimeziona, na ni nzuri kweli. Nikamwomba kitu kimoja tu, Jumamosi asubuhi apite Gerezani na ile orodha.

Jumamosi saa sita mchana alinipigia. Nyuma yake nilisikia makelele ya Kariakoo, mikokoteni na watu wanaoita wateja. "Shem," akasema, "maduka mawili hawana kabisa. Hili la tatu amenipigia mtu, anasema taa moja ya mtumba ni milioni moja na laki mbili. Moja." Akanyamaza. "Shokapu hajapata hata mtu wa kumpigia."

Sikumwambia kitu. Nilikuwa nasubiri.

"Ile RAV4 nyeupe uliyoniambia, ya kule Tegeta," akauliza, "yule mama bado anaiuza?"

"Bado. Nitampigia akusubiri. Pitia kwa fundi umchukue kwanza."

Nikamsikia anawasha pikipiki.